Msimamizi wa Mvuke

Siku alipopandishwa cheo, mama mkwe wake alipiga vigelegele mpaka jirani akagonga ukuta kuuliza kama kuna mtoto amezaliwa. Hakuna mtoto aliyezaliwa. Kilichozaliwa ni beji, kipande cha plastiki chenye pini kwa nyuma, kimeandikwa kwa herufi kubwa MSIMAMIZI WA MVUKE. Mama mkwe aliishika, akaigeuzageuza, akaipangusa kwa upindo wa nguo yake ingawa haikuwa na hata chembe ya vumbi, kisha akatangaza kwamba kuanzia siku hiyo mkwe wake aitwe Bosi na kila mtu wa nyumba ile. Na Bosi akaitwa Bosi. Yeye mwenyewe, badala ya kukataa mapema kama mtu mwenye akili zake, akaitika.

Alikuwa mpiga pasi kwenye kiwanda cha kufulia, kile kinachopokea shuka za hospitali na za nyumba za wageni zikiwa zimesokomezwa kwenye magunia, na kuzirudisha zimenyooka na kukunjwa. Pasi yenyewe si hii ya nyumbani. Ni mtambo mrefu wenye silinda ya moto. Wawili wanaingiza shuka upande huu, wawili wanaipokea upande ule na kuikunja kabla haijawaunguza vidole. Moto wa silinda unatoka kwenye boila, tangi la kuchemshia maji yawe mvuke, na boila lina masharti yake. Zamu ikiisha huwezi kulizima ukaondoka zako. Lazima mtu akae kwenye kile kichumba cha nyuma, juu ya ndoo iliyogeuzwa, autazame mshale wa kipimo ukishuka taratibu mpaka chini kabisa, ndipo afunge bomba, afunge mlango, akabidhi ufunguo kwa askari wa getini. Kuna mtu mmoja aliwahi kuona mshale unamchelewesha, akafunga mapema. Bomba lilipasuka, kiwanda kikalala wiki nzima, na tangu hapo hakuna aliyethubutu kuharakisha mambo.

Zamani kazi ya kusubiri mshale ilikuwa ya kupokezana, na aliyesubiri alilipwa saa za ziada. Wenzake waliikwepa kwa sababu ya joto. Yeye aliitafuta, aliomba hata zamu za wengine, kwa kuwa alikuwa na jambo lake moja tu duniani: kuhama kwa mama mkwe.

Si kwamba mama mkwe alikuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa karibu, basi. Alikuwa karibu ukipika, karibu ukila, karibu ukigombana na mumeo, kwa sababu kilichotenganisha chumba chake na cha mwanawe ni ubao mwembamba na pazia. Ukikohoa usiku, asubuhi unaulizwa kikohozi kimefikia wapi. Sebuleni, kwenye kochi lililobonyea katikati, alilala wifi yake, mdogo wa mwisho wa mume, msichana mwenye sauti kubwa na moyo mweupe, aliyekuwa akitafuta kazi kwa miaka na kuipata kwa siku mbili mbili. Na mume, fundi viatu, ukimwambia habari ya kuhama alisema, "Tutaona." Alikuwa ameona tangu harusi.

Basi mke akaona mwenyewe. Nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi kulikuwa na vyumba viwili, bomba uani, mlango wenye kufuli lake. Mwenye nyumba, mama mmoja mkavu wa maneno, alitaka kodi ya kuanzia ilipwe yote kwa pamoja. Saa za ziada zilikuwa zinaijenga kodi hiyo, kidogo kidogo, kila mwisho wa mwezi.

Ndipo meneja akamwita. Wafanyakazi walimwita Koti, kwa sababu hata katikati ya mvuke ule, jasho likimtiririka masikioni, hakuwahi kulivua koti lake.

"Nimekuangalia," Koti alisema. "Wewe unalipenda boila. Kuanzia leo wewe ni msimamizi. Ufunguo utakaa kwako kila siku. Na ile kadi yako ya getini tumeitoa. Viongozi hawaandikiwi saa za kuingia na kutoka."

"Na saa za ziada, bwana meneja?"

Koti alimtazama kwa huruma, mtu anavyomtazama mgeni aliyevua viatu mahali pasipostahili. "Viongozi hawana saa za ziada, mama. Wana heshima."

Alitoka pale akijiona mrefu. Zilipita siku kadhaa kabla hajajiuliza heshima hiyo inakatwa wapi na inalipwa lini. Asubuhi alisimama palepale kwenye mtambo, akaingiza shuka zilezile, vidole vikaungua vilevile. Jioni wenzake walipiga kadi zao na kwenda, yeye akabaki juu ya ndoo, kila siku sasa, si ya kupokezana tena, na beji kifuani. Mshahara ulipotoka, ulikuwa umepanda kidogo sana, na saa za ziada zilikuwa hazimo. Alihesabu mara ya pili, akachukia, akarudi nyumbani na kumkuta mama mkwe amewaita majirani wawili waje wamwone Bosi.

Sasa angesema nini?

Kosa lake, kama ni kosa, lilikuwa kwa wifi. Kiwandani palipopungua mkunjaji mmoja aliyeenda kujifungua, yeye alimfuata Koti ofisini kumwombea wifi yake. Alimfuata leo, akamfuata kesho, akamvizia hata mlangoni pa choo, mpaka Koti akachoka na kusema, "Haya, mlete, usinisumbue tena." Lakini nyumbani, mbele ya mama mkwe, habari ilitoka mdomoni ikiwa imevaa nguo nyingine.

"Wifi," alisema, "nimekuajiri. Kesho tunaondoka wote."

Nyumba nzima ilisimama. Wifi alimkumbatia nusura amvunje mbavu. Asubuhi Bosi mwenyewe alimpa aproni na kumwonyesha pa kusimama, na Koti alipita mbali akijifuta jasho bila kumtazama mtu. Wifi angejuaje? Kisha, wiki chache baadaye, waligombania maji ya kuoga, Bosi akapandisha hasira na kusema, "Nitakufukuza kazi wewe!" Wifi alinywea. Tangu siku hiyo, kila alfajiri, ndoo ya maji ya moto ilikuwa ikimsubiri Bosi mlangoni. Alijua kabisa kwamba hastahili ndoo ile. Aliioga hivyohivyo.

Mwenye nyumba wa vile vyumba viwili alimkuta siku moja dukani. "Chumba hakiozi," alisema, "subira yangu ndiyo inayooza. Mwisho wa mwezi ujao nampa mwingine."

Hapo ndipo alipoomba ruhusa na kwenda ofisi ya kazi.

Dirisha la kwanza lilikuwa na kijana aliyekuwa akila karanga. Alisikiliza neno moja tu. "Msimamizi? Wasimamizi hawana saa za ziada. Anayefuata!" Dirisha la pili walimwambia arudi la kwanza. Aliporudi, yule kijana alisema, "Si nilikwambia?" na kurudi kwenye karanga zake. Bosi alikaa kwenye benchi la mbao akiwa na hasira za kutafuna ukuta. Angekuwa na beji mkononi angeitupa, lakini alikuwa ameivaa, ameivaa makusudi, ili watu wa ofisini wasimdharau.

Aliyemwokoa ni afisa mmoja mwanamke wa makamo, miwani imening'inia kwa kamba shingoni, aliyekuwa akitoka kwenda kutafuta chai. Alisimama, akaisoma ile beji, akairudia.

"Unasimamia nini?"

"Mvuke."

"Na watu?"

"Watu… nao wapo."

"Njoo ndani."

Chai haikunywewa siku hiyo. Afisa alimkalisha, akamwambia aivue beji na kuiweka mezani, akasikiliza habari yote ya kadi na mshale, kisha akaanza kumuuliza mambo ambayo hakuna mtu aliyewahi kumuuliza.

"Unaajiri?"

Bosi alisita kidogo. "Hapana."

"Unafukuza?"

"Hapana."

"Nani anapanga nani aingie zamu gani?"

"Meneja."

"Ukitaka kumpa mwenzako ruhusa ya kwenda kumuuguza mtoto?"

"Namwambia akamwombe meneja."

"Ukichelewa wewe, mshahara unakatwa?"

"Unakatwa. Mwezi uliopita walinikata."

Afisa alicheka kwa pua. "Kiongozi asiyepiga kadi, lakini kuchelewa kwake kunajulikana. Sikiliza, mwenzangu. Mimi beji siisomi. Njoo hapa na beji ya malkia wa mvuke, nitakuuliza hayohayo. Sheria inamwacha nje msimamizi wa kweli, anayeamua mambo ya wenzake kwa akili yake. Wewe unafanya kazi ya mikono kama wenzako, na kazi ikizidi saa za kawaida unastahili kulipwa zaidi. Cheo walichokupa hakibadilishi kitu. Sasa, ile saa ya kusubiri mshale. Unaweza kuitumia kwenda sokoni?"

"Nikitoka boila linabaki peke yake!"

"Unaweza kulala?"

"Kwa joto lile?"

"Basi hiyo ni kazi. Kukaa si kupumzika, kama huruhusiwi kuondoka."

 Bosi alidhani amefurahi, kumbe ni ghadhabu. Miezi yote ile! Miezi yote ile alikaa juu ya ndoo akijiambia kwamba uongozi ni mzigo, kumbe ni wizi umepigwa pini kifuani kwake, na yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiufuta vumbi.

"Kampuni itaitwa," afisa alisema. "Watasema wewe ni bosi. Niletee mtu mmoja wa kazini aje aseme unafanya nini hasa. Mtu mmoja tu." Alitazama saa ya ukutani, akavaa miwani, akavuta faili jingine. Ofisi nyingine zote zilikuwa zimeshafungwa.

"Na wewe, dada," Bosi aliuliza, "hizi saa zako wanakulipa?"

"Mimi ni afisa," afisa alijibu, na hakucheka.

Mtu mmoja tu! Ungedhani ameambiwa alete nyota. Mwenzake wa kwenye mtambo alisema mgongo wake hauwezi mabenchi ya serikali. Askari wa getini, aliyemwona akitoka mwisho kila jioni, alisema macho yake yana matatizo siku hizi. Mwingine alimwambia wazi, bila haya, "Ulipopewa beji ulitualika soda? Leo ndio unatukumbuka?" Hilo lilimuuma kwa sababu lilikuwa kweli.

Akabaki wifi. Na wifi alikubali kabla swali halijaisha. "Nikuache vipi, Bosi? Niambie tu niseme nini."

Hapo, hapo hasa, alitakiwa kusema. Alitakiwa kumketisha msichana wa watu kwenye lile kochi na kumwambia: sikiliza, wifi, mimi sikukuajiri, nilikuombea mpaka mlangoni pa choo, siwezi kumfukuza hata paka pale kiwandani, nenda ukaseme mimi si kitu. Alifungua mdomo. Nyuma ya ubao mama mkwe alikohoa, kile kikohozi cha mtu anayesikiliza. Bosi akafunga mdomo.

"Utasema ukweli tu," alisema.

Siku ya kuitwa, Koti alikuja na koti. Feni ya ofisini ilikuwa imekufa, na tayari alikuwa amelowa, lakini alitabasamu kwa kila mtu. Bosi alieleza mambo yake, na afisa akawa anaandika na kuitikia kwa kichwa. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri. Kisha wifi akaitwa. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani na kujipaka mafuta mpaka anang'aa, na alikaa wima kama anapigwa picha.

"Nani alikuajiri pale kiwandani?" afisa aliuliza.

"Huyu," wifi alisema kwa fahari, akimwonyesha Bosi. "Wifi yangu mwenyewe. Alikuja nyumbani jioni, akasema nimekuajiri, na kesho yake nikaanza."

Kalamu ya afisa ilisimama. Koti alikuwa amepigwa na butwaa mwanzoni, maana alijua vizuri nani alisema "mlete", lakini mtu akiokota pesa barabarani haulizi ya nani. "Naam," alisema taratibu. "Msimamizi wetu ana mamlaka makubwa."

"Wifi," Bosi alinong'ona.

"Usiogope, Bosi, nasema ukweli kama ulivyoniambia." Akamgeukia afisa. "Ana nguvu sana kule, mama. Watu hawamjui tu. Hata kunifukuza anaweza. Alishaniambia."

"Alikwambia atakufukuza?"

"Mbele ya mama! Nilikuwa nimemaliza maji. Na angenifukuza kweli, ni moyo wake tu mzuri."

Koti alikunja mikono kifuani. Bosi aliona vyumba viwili, bomba uani na kufuli, vikiondoka kimoja baada ya kingine kupitia mdomo wa wifi yake. Alijaribu kujizuia. Alimkumbuka mama mkwe na pazia, akakumbuka ndoo, joto, mshale ule mvivu, kijana wa karanga, wenzake wenye migongo na macho mabovu, na sasa huyu, huyu aliyemleta mwenyewe, anamzika huku akimsifu. Alisimama ghafla na kiti kikaanguka nyuma yake.

"Basi nimekufukuza!" alipiga kelele. "Umesikia? Umefukuzwa kazi! Kesho usikanyage pale kiwandani! Toka!"

 Machozi yalimjaa wifi papo hapo.

"Nani kakupa ruhusa hiyo?" Koti aliruka kitini. "Kesho kuna shuka za hospitali mbili, nani atakunja? Hakuna mtu anayefukuzwa pale bila mimi kusema! Wewe ni nani?"

 Koti alitambua alichokisema, akiwa amechelewa. Alitoa leso, akajifuta paji la uso, akajifuta shingo, na hakuna kilichokauka.

"Hilo la mwisho," afisa alisema, "rudia polepole, niandike."

Uamuzi ulitolewa: kwa kazi anayoifanya, mama huyu anastahili saa za ziada. Kadi yake irudishwe getini. Zile za miezi iliyopita kampuni ilisema itakata rufaa, na afisa alimwambia kwa sauti ya uchovu kwamba rufaa zina foleni yake. "Na bwana meneja," aliongeza, "msimamizi ni yule anayeamua kweli. Mengine ni plastiki."

Ameshinda, basi. Mbona hakujisikia ameshinda? Walirudi kwa miguu, yeye na wifi, mmoja mbele, mmoja nyuma, na karibu na nyumba wifi akasimama.

"Kwa hiyo hukuniajiri wewe."

"Nilikuombea."

"Na kunifukuza huwezi."

"Siwezi."

Wifi alifikiri. "Na mimi nilikuwa naamka alfajiri kukuchemshia maji," alisema, akaingia ndani. Kesho yake hakukuwa na ndoo mlangoni. Mama mkwe naye, alipopata habari zote, alimtazama mkwe wake muda mrefu juu ya kikombe cha chai, akamwita tena mke wa mwanangu. Beji ilikuwa imerudi kwa Koti, na Bosi likabaki jina la utani tu, la mume kumchokozea.

Lakini subiri, hasira yenyewe ilikuwa bado. Koti alikuwa amesikiliza vizuri pale ofisini, kuliko mtu yeyote. Wiki ileile aliwakusanya wafanyakazi wote getini wakati wa kuingia, akamwita wifi mbele, na kumpiga pini kifuani. Beji ilikuwa ileile, ila neno la kwanza lilikuwa limebandikwa karatasi juu yake: MKUU WA MVUKE.

"Huyu si wa plastiki," Koti alitangaza. "Mamlaka anayo. Nimempa mtu wa kumsimamia, huyu hapa." Akamwonyesha Bosi kwa kidole. "Zamu za huyu mama, nani abaki, nani aondoke saa ngapi, anaamua mkuu wake. Akitaka kumfukuza, amfukuze. Ninyi wote ni mashahidi. Sitaki kusikia kesho mtu anakwenda ofisi za watu kusema mkuu wa mvuke haamui kitu."

Wifi alikuwa akiishika ile beji kwa vidole viwili, kama atakayeivunja.

Bosi alifanya kazi siku nzima akisaga meno. Kadi yake ilikuwa imerudi getini, safi, na kwa sheria sasa alikuwa na haki kamili ya saa za ziada. Saa zenyewe ndizo hakuwa nazo. Boila lilikuwa la mkuu, mkuu halipwi, na yeye kengele ikilia aende nyumbani. Walikuwa wamempa sahani na kukiondoa chakula. Mwenye nyumba alikuwa amempa mpaka mwisho wa mwezi, na mwezi ulikuwa hausubiri mtu.

Alimfuata wifi wakati wa mapumziko. "Umeuliza habari ya saa za ziada?"

"Amesema viongozi hawana."

"Na ukakubali! Baada ya yote uliyoyasikia kwa masikio yako!"

"Wewe ulishinda kwa sababu ulikuwa bosi wa uongo," wifi alisema bila kumtazama. "Mimi wa kweli. Nimepewa mtu."

"Mtu mwenyewe ni mimi!"

"Ndiyo," wifi alisema. "Ni wewe." Akarudi kwenye shuka zake.

Kengele ya jioni ililia. Wafanyakazi walijipanga getini na kadi zao, na Bosi akawa nyuma kabisa, mkoba begani, akiwa amechoka mpaka kwenye kucha. Koti alikuwa amesimama kando ya askari, akiangalia watu wake wakitoka. Zamu ya Bosi ilipofika, alinyoosha mkono kuichukua kadi.

"Wewe! Usipige hiyo kadi."

Sauti kubwa ile aliijua. Wifi alikuwa amesimama kwenye mlango wa kichumba cha boila, ufunguo mkononi, uso umelowa mvuke.

"Unabaki," wifi alisema. "Mimi huu mshale siujui vizuri. Bomba likipasuka nitasema nini? Utakuja ukae na mimi mpaka ushuke. Leo na kesho na kila siku mpaka nikwambie vingine. Na utaandikiwa saa zako getini, maana wewe si kiongozi."

Watu waliokuwa wameshatoka walirudi kusikiliza. Askari wa getini, yule wa macho mabovu, alikuwa ameyatoa macho yote mawili.

Koti alipiga hatua mbele. "Nani kaku…" alianza, na akasimama hapo.

Walimngoja amalize. Aliwatazama mashahidi aliowaita mwenyewe asubuhi ileile, mmoja mmoja. Alifungua mdomo tena, akaufunga. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu wamfahamu, alivua koti lake, akalitundika mkononi na kwenda zake ofisini.

Kichumbani kulikuwa na ndoo moja. Wifi aliikalia yeye, ndiye mkuu, na Bosi akaegemea ukuta. Waliutazama mshale, ukiwa juu bado.

"Usidhani nimekusamehe," wifi alisema. "Ninataka mhame. Chumba chenu kina dirisha, na mimi lile kochi limeshanivunja kiuno."

"Nitahama."

"Harakisha, basi."

Bosi alitaka kusema asante, lakini alijua neno hilo lingemponyoka na machozi, na hakutaka kulia mbele ya bosi wake. Akaokota kopo kubwa kwenye kona, akaligeuza, na kukaa.